Kompyuta ya stationeri Ng'ong'ona: faili la PDF la mteja linaweza kweli kuingiza kirusi?

MamaStationeri
Mbukwenyi wakuu. Nina stationeri huku Ng'ong'ona, upande wa wanachuo wa UDOM. Kazi kubwa ni kuprinti: asaimenti, fomu za mkopo wa Bodi, sivii, na kuskani vyeti vya watu wanaoomba kazi Ajira Portal. Wengine wanakuja na flashi, wengine wanatuma WhatsApp au barua pepe ya duka. Tangu saa mbili asubuhi mpaka giza linaingia nafungua mafaili ya watu nisiowajua.

Mashine ya kaunta ni ya zamani, Windows 7, rami GB 2, na PDF inazisoma kwa Adobe Reader XI. Haijawahi kunisumbua. Juzi kijana mmoja anasubiri kopi zake akaliona jina la programu kwenye skrini, akaniambia, "Mama, hiyo ina tundu. Mtu akikutengenezea PDF mbaya, ukiifungua tu kaingia." Mdogo wangu ninayefanya naye kazi anabisha. Anasema kirusi kinakuja na faili la exe, siyo PDF, na hizo apdeti zinamaliza bando bure.

Mimi sitaki kubahatisha. Humo ndani kuna skani za vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, fomu zenye saini za wazazi na mihuri ya serikali za mitaa. Watu wameniamini na vitu vyao. Naomba anayejua anieleze: PDF yenyewe inaweza kufanya hivyo? Na kama ni kweli, naanzia wapi na mashine hii hii? Antivairasi ipo.

fundi_Makole
Dada, kijana yuko sahihi. Ndani ya PDF kuna fonti, picha zilizobanwa, fomu, na wakati mwingine msimbo wa JavaScript. Reader lazima ivichambue vyote ndipo uone ukurasa. Sasa tuseme mwandishi wa programu ametenga nafasi ndogo kwenye kumbukumbu, na faili likaandika kupita mpaka wa nafasi hiyo. Aliyelitengeneza kwa ubaya anaweza kupanga kile kinachovuka mpaka kigeuke amri, na kompyuta itaitekeleza kwa mamlaka yako wewe uliyefungua. Hakuna exe uliyobofya. Ukurasa unaweza hata kufunguka vizuri, ukaprinti, ukapokea hela yako.

Septemba 12, 2023 Adobe walitoa toleo la kuziba tundu la aina hiyo hiyo, namba yake CVE-2023-26369, na walisema wenyewe kwamba lilikuwa limeshaanza kutumika kushambulia watu. Wenye toleo linalohudumiwa waliapdeti, wakazibiwa. XI haimo, kwa sababu Adobe waliacha kuihudumia Oktoba 15, 2017. Ndiyo sababu haikusumbui, dada: hakuna tena apdeti ya kukuletea. Windows 7 nayo Microsoft waliiacha Januari 14, 2020.

Ni kweli XI ina kizuizi kinachojaribu kuifungia PDF isiguse sehemu nyingine za kompyuta. Kilianza na Reader X mwaka 2010. Lakini Februari 2013 washambuliaji walikivuka, Adobe wakalazimika kutoa marekebisho haraka. Na antivairasi inakamata zaidi vile vinavyofahamika tayari. Iache, ila usiitegemee peke yake.

Reader za sasa haziingii kwenye Windows 7, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ondoa XI kabisa, weka kivinjari cha Firefox, toleo la 115 ESR, tawi ambalo Mozilla wanaokitengeneza walilibakiza kwa ajili ya Windows 7 na 8. Inafungua PDF yenyewe. Nayo ilishapata tundu lake kwenye namna inavyosoma fonti, CVE-2024-4367, likazibwa Mei 2024, na kwa tawi lako ni kuanzia 115.11. Kwa hiyo ukiiweka ingia Help, halafu About Firefox, uone namba.

Kuhusu bando, mwambie mdogo wako faili la kusakinisha halifiki hata MB 100. Lipakue mara moja, liweke kwenye flashi, litumie kwenye mashine zote za dukani. Litoe kwa Mozilla wenyewe, usiguse zile kurasa zilizojaa vitufe vya "pakua bure".

Lakini kwangu mimi kubwa kuliko yote ni zile skani. Zitoe kwenye mashine inayofungua flashi za watu! Weka kwenye diski ya nje, uichomoe ukimaliza. Firefox ni nafuu ya muda tu. Ukipata mashine inayobeba Windows 11, hamia.

Kopi_Kondoa
Sisi huku kusoma PDF tulihamia programu ya Foxit kwa sababu ni nyepesi. Tuko salama?

fundi_Makole
Mkuu, hakikisha ni toleo jipya. Mei 2024 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kuhusu Foxit kitu kinachowahusu sana watu wa kaunta. PDF mbaya ikitaka kuendesha amri, onyo lilitokea, lakini kitufe kilichokuwa kimechaguliwa tayari kilikuwa cha kukubali. Duka limejaa, foleni iko mlangoni, mtu anagonga Enter mara mbili ili dirisha limwondokee. Imeisha hiyo. Waambie vijana wako: PDF ikiuliza chochote kabla ya kufunguka, wasome kwanza, na jibu ni hapana.

MamaStationeri
Kaka, Mungu akubariki. XI nimeitoa, Firefox imekaa, About inaonyesha toleo la juu ya hiyo 115.11. Mdogo wangu amesoma maelezo yako mpaka mwisho, ameacha kubisha.

Kuna moja. Fomu ya mkopo inatoka ndogo kidogo kuliko zamani, pembeni inaacha nafasi nyeupe kubwa. Mteja amekataa kuichukua, anaogopa itarudishwa. Nimeprinti upya, ikatoka vile vile.

fundi_Makole
Hiyo inabana ukurasa ili uenee. Kwenye dirisha la kuprinti fungua More settings, nenda Scale, ondoa Fit to page width, andika 100. Na karatasi iwe A4, wakati mwingine inakaa Letter.

MamaStationeri
Ilikuwa Letter! Sasa imetoka sawasawa, nimeipima juu ya fomu ya zamani dirishani na mistari inalingana. Mteja kachukua. Skani nahamisha leo nikishafunga. Za wanachuo waliokwisha kumaliza nafuta kabisa, sioni sababu ya kukaa nazo.