Wifi imejaa mistari yote lakini vyumba vya nyuma hakuna kitu, nimeongeza repita ndo imeharibika zaidi

kijana_wa_vichochoroni

Assalam alaykum wadau, naombeni msaada maana nshachoka. Namsaidia shangazi yangu kuendesha nyumba ya wageni hapa Mji Mkongwe Unguja, nyumba zile za zamani za mawe na chokaa, vyumba tisa, ghorofa mbili na juu kuna paa la kunywea chai. Intaneti tunayo ya faiba kifurushi cha megabiti 20, ruta ipo chini mapokezi karibu na mlango. Nikipima spidi pale pale mapokezi napata 18 mpaka 19 sina neno. Nikipanda ghorofa ya kwanza chumba namba 4 inashuka mpaka 3, na namba 7 kule nyuma kabisa simu inaonesha mistari miwili lakini ukifungua kitu kinazunguka tu mpaka unakata tamaa. Juzi mgeni kashuka asubuhi kwenye chai anasema usiku kakaa kwenye ngazi saa mbili nzima afanye kikao chake cha kazi, wallahi niliona aibu.

Nikaita fundi, akaniuzia repita ile ya kuchomeka kwenye soketi, akaichomeka mle mle namba 7. Sasa simu inaonesha mistari imejaa yote lakini spidi ni 1 au haipo kabisa, bora hata ya mwanzo. Fundi anasema intaneti ndogo tupandishe iwe 50. Shangazi kasema hatoi hata shilingi mpaka nimfahamishe kwa lugha anayoielewa hiyo pesa inakwenda wapi, na mimi mwenyewe sijui nimwambie nini. Hivi hii wifi inafanyaje kazi khasa? Na kwa nini ruta yetu inatoa majina mawili, moja lina 5G mwishoni na simu yangu ni ya 4G?

mvuta_waya

Usipandishe kifurushi mkuu, utakuwa unatupa hela.

Mwambie shangazi hivi. Faiba ni meli inayoshusha mzigo Malindi bandarini, wifi ni hamali na mkokoteni wake anayeupitisha mzigo kwenye vichochoro mpaka mlangoni kwake. Meli yenu inaleta 20, na mapokezi unazipata karibu zote kwa hiyo meli haina kosa. Ukileta meli ya 50 kichochoro ni kile kile na hamali ni yule yule, chumba namba 7 kitaendelea kupata 1.

Sasa kwa nini hamali anakwama. Wifi ni redio tu, hakuna uchawi, ruta na simu yako zote mbili ni vituo vidogo vya redio vinavyorusha na kupokea. Watu wengi wanasahau hapo kwenye kupokea. Mistari unayoiona kwenye simu inakwambia wewe unaisikiaje ruta, haikwambii ruta inakusikiaje wewe, na simu inarusha kwa nguvu ndogo kuliko ruta maana inaonea huruma betri. Ndo maana unakuta mistari miwili ipo na hakuna kinachofunguka, ruta inapaza sauti unaisikia, wewe unajibu kwa kunong'ona nyuma ya kuta tatu za mawe. Na kuta zenyewe za huko nimewahi kufanya kazi, nyingine zina nusu mita na zinanyonya unyevunyevu wa bahari, maji ni adui mkubwa wa haya mawimbi.

Majina mawili: moja ni bendi ya 2.4 GHz na jingine ni 5 GHz. Hiyo 5G ya kwenye ruta haina undugu na 4G wala 5G ya laini ya simu, ni masafa tu. Wimbi la 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12 na la 5 kama sentimita 6. La 2.4 linapenya ukuta vizuri zaidi ila lina msongamano na spidi yake ndogo, la 5 lina nafasi kubwa na spidi ila ukuta mmoja kama huo wenu linazimia. Kwa hiyo mapokezi tumia 5, vyumba vya mbali 2.4, mpaka utakapofanya jambo la maana ambalo ni kuvuta waya.

Repita nitarudi baadae nipo kwa mteja.

mama_seva

Nimalizie ya repita maana huyo akienda kwa mteja harudi leo 😂

Repita haizalishi intaneti mdogo wangu, inarudia ilichokisikia. Fundi kaiweka namba 7 ambako ruta haisikiki, sasa ni kama umemweka mkalimani nje ya ukumbi, anatafsiri kwa sauti nzuri kabisa maneno ambayo hakuyasikia. Mistari imejaa kwa sababu simu inaisikia repita iliyo mita moja, siyo ruta. Na hizi za bei rahisi zinatumia redio moja na chaneli moja (yaani kipande kimoja cha masafa) kupokea na kurusha, kila kitu kinapita hewani mara mbili, kwa hiyo hata ukiiweka mahali pazuri hesabu nusu ya spidi imekwenda.

Halafu kuna jambo jengine ambalo fundi wako pengine halijui. Kwenye chaneli moja anaongea mmoja tu kwa wakati. Fikiria barazani watu kumi wamekaa, kila anayetaka kusema anasikiliza kwanza, kukiwa kimya anasubiri kidogo kisha anasema, na huo muda wa kusubiri kila mmoja anaupata kwa bahati nasibu ili wawili wasianze pamoja. Wakigongana hakuna aliyesikika, wanasubiri tena. Wifi ndo ilivyo, simu zote, laptop, televisheni, kamera na hiyo repita wanapokezana hewa moja. Na aliye mbali anaongea polepole ili asikike, megabiti 1 au 2 tu, kwa hiyo mgeni wa namba 7 akipakia picha zake anashika zamu muda mrefu sana na aliye mapokezi ambaye simu yake inaongea na ruta kwa spidi ya mia anamngoja. Chumba kimoja kibovu kinawaangusha wote. Angalia kama mapokezi nako siku hizi hapajashuka.

Wazo hili la kupokezana limeanzia visiwani kama kwenu, chuo kikuu cha Hawaii mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake walitaka kompyuta za visiwa tofauti ziongee kwa redio bila nyaya chini ya bahari, wakaita ALOHAnet. Wao walikuwa hawasikilizi kwanza, unarusha tu, ukigongana unarudia baada ya muda wa bahati nasibu. Kusikiliza kwanza kumekuja baadae.

kijana_wa_vichochoroni

Da mama seva umenifungua macho, kweli mapokezi jana usiku ilikuwa 6 nikasema labda ni kampuni. Sasa repita niiweke wapi, kwenye ngazi katikati?

bingwa_wa_antena

Bro usihangaike, nunua ruta yenye antena ndefu zile za 9 dBi (kipimo cha antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja) tatu au nne, inapiga mpaka mtaa wa pili. Mimi ninayo Mbagala napata mpaka dukani kwa mpemba.

mvuta_waya

Nimerudi. @bingwa ndugu yangu Mbagala unapita hewani, yeye anapita kwenye ngome. Na antena haiongezi nguvu, inaikamua tu ielekee upande fulani, kama kioo cha tochi. Antena fupi ya kawaida mawimbi yake yana umbo la andazi nene kuzunguka kijiti, ukichukua ya 9 dBi andazi linabonyezwa linakuwa chapati, linaenda mbali kwa pembeni ila juu na chini hakuna kitu. Nyumba ya ghorofa ukiweka chapati chini, vyumba vya juu wanakosa kabisa. Na hata simu ya namba 7 bado inanong'ona vile vile, antena ya ruta inasaidia kiasi tu.

Kijana skiliza, repita kwenye ngazi ni sawa kwa wiki hii mpaka upate waya. Weka mahali ambapo simu ikisimama hapo bado inapata 2.4 vizuri. Shusha programu ya kupima wifi, itakupa namba za hasi, -50 mpaka -67 ni nzuri, ukiona -80 hapo usiweke kitu. Ila dawa yenyewe ni waya mmoja kutoka kwenye ruta mpaka ghorofa ya kwanza nyuma, mwisho wake unafunga akses pointi, yaani kifaa kinachopokea intaneti kwa waya na kuirusha kwa wifi. Waya wa Cat6 wenye shaba tupu, siyo ule wa aluminiamu uliopakwa shaba juu ambao madukani ni bei nusu, ukiukwangua kwa kisu ndani mweupe huo rudisha. Urefu wa waya usizidi mita 100, nyumba yenu haifiki hapo. Usitoboe ukuta wa nje kabla hujaongea na Mamlaka ya Mji Mkongwe, pitishia ua wa katikati juu kwenye boriti, maana nyumba nyingi za hivyo zina ua.

Kama una ruta ya zamani usinunue akses pointi. Chomeka kompyuta kwenye hiyo ya zamani, ipe anwani isiyogongana na kubwa, mfano kubwa ni 192.168.1.1 hii iwe 192.168.1.2, ZIMA DHCP (kazi ya kugawia simu anwani), kisha waya uchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) siyo la WAN (la intaneti inayoingia). Ukisahau kuzima DHCP kuna wakuu wawili wanagawa anwani, wageni watakuja na bakora.

Jina na neno la siri ziwe sawa na ruta ya chini ili simu ihame yenyewe mtu akipanda ngazi, ila chaneli tofauti. Kwenye 2.4 chini weka 1, juu weka 6, na kama utaongeza ya tatu weka 11. Chaneli zipo 13 lakini zimeachana MHz 5 tu wakati kila moja inahitaji kama 20, kwa hiyo ukiweka 1 na 3 zinapandana. Majirani wengi wapo 6 au 11 basi badili, pima kwanza.

mama_seva

Na jiko lipo wapi? Maikrowevu inafanya kazi kwenye 2.45 GHz, hiyo hiyo bendi, ikivuja kidogo wifi ya karibu inapepesuka wakati wa kupasha chakula. Akses pointi ikae mbali nayo, na mbali na tenki la maji la juu.

La usalama: kwenye aina ya ulinzi wa neno la siri la wifi tumia WPA2 au WPA3, ukiona ruta inakupa ile ya zamani ya WEP ikimbie, ilivunjwa tangu 2001. Zima kile kitufe cha WPS, kinachounganisha simu bila kuandika neno la siri. Neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe libadilishe, lile lililochapwa kwenye stika chini kila mgeni analiona akiigeuza. Na wageni wape mtandao wao wa pembeni, siyo ule wa kompyuta ya shangazi yenye hesabu za nyumba. Kulificha jina la wifi siyo ulinzi, mwenye programu anakuona tu.

kijana_wa_vichochoroni

Wadau nimerudi, wiki na ushei imepita. Tumevuta mita 38 kupitia uani, ruta ya zamani nimeifunga nje ya namba 5 chaneli 6, ya chini 1. Siku ya kwanza nilisahau DHCP kama mlivyosema na kweli nusu ya simu zikakosa mtandao, nikaizima yakaisha. Namba 7 leo nimepata 14, namba 4 napata 17, mapokezi imerudi 18. Kifurushi kile kile. Shangazi kauliza kitu kimoja tu, kwa nini jambo linaloitwa halina waya limekula waya mita 38, nikamwambia waya ni wa kumfikishia hamali mzigo juu, akacheka akalipa.

Paa bado 2 lakini huko wanakunywa chai waache simu. Repita ipo bure kwa anayeitaka.

mkaazi_wa_ngambo

Naitaka mimi. Ruta ipo dirishani sebuleni, kibanda changu cha kushonea kipo uani mita kumi hivi, kati hakuna ukuta ila mabati ya kibanda. Itanifaa?

mvuta_waya

Bati linarudisha mawimbi kama kioo, ukiiweka ndani itakuwa namba 7 nyengine. Iweke upande wa dirisha la kibanda linalotazamana na sebule. Hapo itafanya kazi yake.