Passo yangu taa ya bluu inarudi nikiwa barabarani, sensa nimeshabadilisha mara mbili

MwalimuSakina
Wakuu habari za jioni. Nina Passo ya 2006 ile ya silenda tatu, nilinunua mkononi kwa mtu hapa hapa Arusha mwezi wa tano. Hizi gari hazina mshale wa temperecha, zina taa tu, bluu injini ikiwa ya baridi na nyekundu ikichemsha. Sasa yangu asubuhi nikiwasha Sakina bluu inakaa weee mpaka nikutane na foleni ya Mianzini ndo inazima. Nikasema sawa ni baridi. Jumamosi naenda Moshi, mjini nimetoka imezima vizuri, nimepita Tengeru barabara imefunguka natembea 80, bluu hiyo imewaka tena, na nikisimama matutani inazima. Mafuta inakula kama Noah. Fundi wa kwanza akasema sensa ya temperecha, nikatoa 35,000. Wiki mbili hakuna mabadiliko akasema ile ilikuwa feki nilete 50,000 apate orijino. Imefungwa, bluu iko palepale. Leo ananiambia tubadilishe kontrol boksi, ile kompyuta ya injini!! Kabla sijauza mbuzi wa mama naomba msaada.

ChaliiNgaramtoni
Mwalimu mwezi wa saba huu hata mimi mwenyewe taa yangu ya bluu haizimi 😂😂
Ila kuna mshkaji wangu alichomoa tu plagi ya sensa akasahau habari ya taa, anatembea nayo mpaka leo

FundiMzee_Majengo
Chalii usimpoteze mwalimu wa watu. Ukichomoa ile plagi, Toyota nyingi boksi inaona haina macho tena inajipa joto la kubuni, kama nyuzi 80 hivi, na feni inazunguka muda wote bila kupumzika. Gari inatembea kweli, ila asubuhi kuwaka ni shida kwa sababu boksi inapima mafuta ya injini ya moto wakati injini ni barafu, na siku ikichemsha kweli hakuna wa kukuambia. Huyo mshkaji wako muulize anabadilisha betri mara ngapi.

Mwalimu, mimi niko Moshi nimeshika spana tangu enzi za Corolla za kabureta. Sensa yako sidhani kama ilikuwa mbovu hata ile ya kwanza uliyotoka nayo. Ngoja nikueleze inavyofanya kazi maana ukielewa hakuna atakayekuuzia tena. Ile ni kidude cha shaba chenye nyaya mbili, ncha yake inaoga kwenye maji ya injini. Ndani kuna kitu kinachobana umeme, kikiwa baridi kinabana sana, kikipata joto kinalegea. Boksi inatuma volti 5, inaangalia zimebaki ngapi inajua joto. Basi, hakuna uchawi. Waya ukikatika boksi inaona imebanwa kabisa, kwake hiyo ni nyuzi 40 chini ya sifuri, hata Kibo usiku haifiki huko, inaandika kodi (namba ya kosa) P0118. Nyaya zikigusana inaona joto la ajabu inaandika P0117. Kwahiyo swali la kwanza, fundi wako alipima kwa mashine akakuonyesha kodi au alipima kwa macho?

La pili, ulivyosema inazima foleni inarudi kwenye spidi, hiyo sensa inasema ukweli mtupu. Injini yako INAPOA kweli. Upepo wa barabarani unapiga rejeta na maji yanapita muda wote bila mlinzi. Mlinzi ni themostati. Ile inatakiwa ifunge mpaka maji yafike kama nyuzi 82 ndo ifungue. Ama imekwama wazi ama haipo. Kesho asubuhi gari ikiwa imelala usiku, washa, fungua boneti, shika mpira wa CHINI wa rejeta (mkono mbali na feni na mkanda). Unatakiwa ubaki wa baridi mpaka injini ipate moto sawasawa. Ukiona unapata uvuguvugu dakika za mwanzo tu, jibu umepata bure.

Kijana_wa_Unga
mi napinga kidogo mzee, sensa feki zipo nyingi sana town, unaweza funga mbili zote mbovu, asiamini tu kwa sababu ni mpya

FundiMzee_Majengo
Kweli kabisa mangi, ndo maana tunapima. Zile mbili ulizotoa mwalimu kama unazo, leta sufuria, maji, multimita (kipima umeme) na kipimajoto. Weka ncha tu kwenye maji, plagi ibaki nje. Toyota maji ya nyuzi 20 inasoma kati ya kilo-omu 2 na 3, yakifika 80 inashuka mpaka 0.2 hadi 0.4. Muhimu ishuke taratibu bila kurukaruka. Na nyie wa Arusha msisubiri 100, huko juu kwenu maji yanachemka kwenye 95 hivi, si mnaona maharage yanavyowachelewesha.

Na kuna kosa lingine, kwa wenye Corolla za zamani AE100 na wenzake. Zile zina vitatu tofauti, cha waya mmoja ni cha mshale wa dashibodi, cha nyaya mbili ni cha boksi, na kuna swichi ya feni peke yake. Mtu mshale haupandi anabadilishiwa cha boksi, pesa inaenda. Ile ya feni ukichomoa plagi feni inawaka yenyewe, wengi wanadhani wameiharibu, ndo ilivyotengenezwa.

NoahYaStendi
Naongezea la kwangu lililonitoa machozi. Noah yangu injini 3S, natoka Moshi na abiria, mshale umepanda kidogo pale njia panda ya KIA, roho mkononi. Mbele kidogo nikaona unashuka, unashuka, umelala kabisa kwenye C. Nikamshukuru Mungu nikaongeza mwendo! Kumbe maji yameisha yote, mpira mdogo wa hita ulipasuka kule nyuma, na sensa ikiwa kwenye hewa haisomi kitu. Nilifika Maji ya Chai injini inagonga kama mtu anatwanga kisamvu, abiria wakashuka wananiangalia tu. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ilipinda. Tangu siku hiyo mshale ukishuka ghafla naogopa kuliko ukipanda.

FundiMzee_Majengo
Pole sana. Hilo ningeandika kwenye kila dashibodi.

MamaNaVitz
Shikamoo mzee. Mimi taa nyekundu iliwaka mara moja tu baada ya kuosha injini kwa presha, ikazima yenyewe. Nibadilishe sensa?

FundiMzee_Majengo
Marahaba. Usibadilishe, maji yaliingia kwenye plagi. Kwanza thibitisha maji ya rejeta yapo, injini ikiwa ya BARIDI, usifungue kofia ya moto. Halafu chomoa plagi, ukiona ukungu wa kijani kwenye pini pulizia spirei ya kusafishia umeme, kausha, rudisha mpaka isikike tak. Siku nyingine ukiosha ifunike na kimfuko cha plastiki, kama bado unacho maana tangu 2019 imekuwa dili. Na weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), acheni maji ya bomba. Maji ya huku yanapaka meno rangi, kwenye bomba za injini yanaacha magamba na kutu, sensa inavaa koti inachelewa kusikia joto. Kulanti rangi moja usichanganye, ya pinki kwa pinki. Ukifungua sensa badilisha na oringi yake (mpira wa duara wa kuzibia), na usiikaze kwa hasira, hedi ni alumini, ikikata uzi utanikumbuka.

MwalimuSakina
MREJESHO. Mzee shikamoo. Mpira wa chini ulikuwa wa vuguvugu hata kabla sijamaliza chai. Nimeenda kwa fundi mwingine, amefungua nyumba ya themostati mbele yangu. Ndani KITUPU. Hakuna kitu wakuu, unaona ukuta wa pili. Zile sensa mbili tulizipima kwa sufuria jikoni, zote nzima, baridi 2.4, ya moto 0.3, wanangu wakajua napika vyuma. Nikampigia aliyeniuzia gari, anacheka eti "aah mwalimu hiyo nilitoa ili isichemshe".

ChaliiNgaramtoni
85,000 imeenda na maji 😭 naomba radhi kwa ule ushauri wangu

FundiMzee_Majengo
Sasa mwalimu usishangilie bado. Alitoa ili ISICHEMSHE, maana yake ilikuwa inachemsha. Ukifunga themostati mpya leo ule ugonjwa wa zamani unarudi. Angalia kofia ya rejeta, imeandikwa 1.1 au 0.9, hiyo ndo inashika presha maji yasichemke mapema, ikiwa nzima ya 1.1 hata Arusha yanafika kama 120. Angalia feni inajiwasha yenyewe ukiiacha gari sailensa (inaunguruma imesimama), na rejeta ipigwe maji kutokea nyuma uone kinachotoka.

MwalimuSakina
Mzee wewe ni mganga. Kofia mpira wake umekatika robo nzima, ukiubonyeza unabaki umelala. Feni iko vizuri. Rejeta imetoa maji ya rangi ya togwa, tumesafisha mpaka yakatoka meupe. Nimefunga themostati, kofia mpya, kulanti ya pinki. Leo asubuhi bluu imezima kabla sijafika lami. Kesho naenda Marangu kwa mama, ule mlima ndo utasema.

NoahYaStendi
Beba maji lita tano kwenye buti.

MwalimuSakina
Nimebeba kumi.