Stata ya lori la dizeli inazunguka kwa uzito ingawa betri ni mpya

Dereva, Miritini:
Assalam alaikum, ndugu mafundi. Ninaendesha lori la volti 24 linalobeba makontena kutoka bandari ya Kilindini. Injini ikishapata moto nikaizima, stata huzunguka kwa uzito, na mara nyingine hugonga tu ikanyamaza huku taa za dashibodi zikififia. Betri zote mbili ni mpya na stata imeshabadilishwa, lakini hali ni ile ile. Injini ikinguruma, altaneta hutoa volti 28. Tajiri anataka tununue stata nyingine. Je, kuna la kupima kwanza?

Fundi wa umeme, Changamwe:
Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Tafadhali msinunue stata kabla ya kupima kebo, hasa upande wa hasi, ambao mafundi wengi huuruka. Volti 28 zinaonyesha kuwa altaneta inachaji, lakini hazisemi lolote kuhusu kebo nene, kwa kuwa stata huvuta mamia ya ampea, na kebo iliyooza huonyesha ubovu wake pale tu inapobebeshwa mzigo huo.

Weka gia huru na ufunge breki. Ncha moja ya kipimo cha volti iguse nguzo hasi ya ile betri iliyofungwa kwenye chesisi, yaani risasi yenyewe wala si kibano chake, na ncha ya pili iguse chuma kitupu cha bloku ya injini, kisha utingo apige stata. Ikisoma zaidi ya takriban nusu volti, athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi ya betri, ina hitilafu. Pima vivyo hivyo upande wa chanya hadi kwenye stata, na usiusahau waya unaounganisha betri mbili. Hewa yetu ya chumvi hula shaba ndani ya plastiki, na kwa nje kebo ikaonekana nzima.

Mwenye lori, Jomvu:
Naongeza moja. Injini hukaa juu ya mipira, hivyo athi yake hutegemea kebo inayoiunganisha na chesisi. Kebo hiyo ikifa, umeme hutafuta njia nyingine; lori langu lilipitisha kwenye waya wa aksilereta hadi ukawa haushikiki kwa joto.

Dereva, Miritini:
Nashukuru sana. Bloku imesoma volti 2.3, na nilipoikunja kebo ya injini ilimwaga unga wa kijani. Nimefunga mpya, kipimo kimeshuka hadi 0.2, na sasa stata inazunguka kwa kasi hata injini ikiwa moto. Je, grisi nipake kabla ya kukaza nati?

Fundi wa umeme, Changamwe:
Hapana, kaka. Sugua rangi na kutu kwa msasa, chuma kikutane na chuma, ukaze, ndipo upake grisi juu yake kuzuia unyevu. Hakikisha pia kuwa kebo mpya si nyembamba kuliko ile ya chanya inayokwenda kwenye stata, kwa sababu umeme unaopita ni ule ule.