Majitaka yamerudi ndani ya nyumba: usafi ufuate hatua zipi mpaka pakalike tena?

Msimamizi_Ipagala
Habari zenu wakuu. Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi hii, maana mtaani jibu ni moja tu: mwaga jiki nyingi, fungua madirisha.

Nyumba ipo Ipagala, Dodoma, vyumba vitatu, ya kupangisha. Baada ya mvua ya juzi usiku majitaka yalibubujika kwenye tundu la maji la bafuni, yakaenea korido, sebule, jikoni na chumba kimoja. Alama ukutani ni sentimita 6 kutoka sakafuni, na yalikaa kama saa 14. Kuta ni tofali za saruji za inchi 6, plasta, skimingi (tabaka laini juu ya plasta) na rangi ya silki. Sakafu ni marumaru, ila chumba kimoja kina saruji na zulia la ukuta kwa ukuta. Makabati ya jikoni ni MDF (mbao za unga uliogandamizwa), yamekaa chini kabisa. Nje kuna septiki, shimo la kufyonza, na kisima cha ardhini cha kuhifadhia maji, lita 5,000, mita nne kutoka chemba ya kwanza. Wapangaji wamehamia kwa ndugu zao.

Nianze na gari la majitaka au wasafishaji? Kipi kitupwe na kipi kisafishwe? Na nitajuaje kwamba wasafishaji wamemaliza kweli, siyo kwamba harufu ya jiki imefunika harufu nyingine?

FundiChemba
Mkuu, wasafishaji wasianze kabla chanzo hakijajulikana, utawalipa mara mbili. Kwanza kabisa zima meini swichi, kama unaifikia bila kukanyaga maji. Kama huifikii, usiingie, mwite fundi umeme. Pili, bomba zote za ndani zifungwe. Hata maji ya kunawa mikono yana pa kwenda, na pa kwenda kwake sasa hivi ni sebuleni.

Fungua chemba zote za nje, kuanzia iliyo karibu na nyumba kuelekea septiki. Ya kwanza ikiwa imejaa na inayofuata ni kavu, mzibo uko kati ya hizo mbili. Zikiwa zimejaa zote mpaka septiki, bomba halina kosa, tatizo ni septiki au shimo la kufyonza. Mzibo wa bomba la inchi 4 unatolewa kwa fimbo za kuzibulia, ukisukuma kutokea chemba iliyo kavu kurudi upande wa nyumba, na unasimama pembeni kwa sababu ukiachia maji yanakuja kwa nguvu. Fimbo zizungushwe kulia tu. Ukizungusha kushoto zinafunguka zenyewe, unaacha kipande ndani na mzibo unakuwa mbaya kuliko wa mwanzo. Kinachotoka mara nyingi ni pedi, matambara, mafuta yaliyoganda, au mizizi ya mwarobaini iliyopenya kwenye maungio yasiyotiwa gundi. Kostiki soda na asidi msimwage kabisa. Mzibo usipotoka, vinabaki humo vikimsubiri fundi atakayefungua.

Septiki ikiwa ndiyo imejaa, ita gari, lakini usiondoke likishaondoka. Kaa dakika 20 uangalie bomba la kutokea, lile linalokwenda shimo la kufyonza. Ukiona maji yanarudi kupitia hapo, shimo la kufyonza limeshiba. Udongo wa mfinyanzi ukishalowa na mvua haupokei tena, kwa hiyo gari limekununulia siku chache tu. Piga hesabu: septiki ya mita 2.5 kwa 1.5 yenye kina cha maji mita 1.5 ni kama lita 5,600. Watu sita wakitumia lita 80 kila mmoja ni lita 480 kwa siku. Inajaa ndani ya siku 12, na hapo hujahesabu yanayorudi. Kama septiki ni tanki la plastiki, usilinyonye likawa tupu wakati ardhi imejaa maji. Litaibuka na kung'oa mabomba.

Angalia pia maji ya bati yanaenda wapi. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linashusha lita 2,000, na nyumba nyingi yameelekezwa kwenye chemba ili uani pasiwe na tope. Hilo peke yake linatosha kurudisha majitaka ndani.

Halafu hili ambalo karibu kila mtu analisahau: gali trapu ya nje, lile tundu la uani linalopokea maji ya bafu na jikoni kabla ya chemba. Mdomo wake unatakiwa kuwa chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi, ili mfumo ukizidiwa utapikie uani. Watu wakitandika pevingi wanainua mdomo huo au wanaufunika kabisa. Baada ya hapo tundu la bafu ndilo linakuwa la chini kuliko yote, na ndilo linalobubujika. Nyumba yako nina hakika iko hivyo, nenda ukapime.

Mtu asishuke kwenye septiki wala chemba ndefu, hata kuokota fimbo iliyodondoka. Hewa ya humo inaua, na gesi yenye harufu ya yai bovu ikiwa nyingi inazima pua, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Sigara na moto vikae mbali pia.

UsafiKazi_Dom
Naongezea upande wa ndani. Viwango vya kazi hii, S500 vya IICRC, taasisi ya Marekani ya mafundi wa usafi na ukarabati, vinayaweka majitaka daraja la 3, la mwisho kwa uchafu. Maana yake kwa fundi ni hii: kitu chochote kinachofyonza kama sponji na kilichoguswa, kinatoka.

Vaa gambuti, glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, miwani ya kuziba pembeni, barakoa ya N95 na aproni ya plastiki. Mwenye kidonda asiingie, na kila anayeingia awe na chanjo ya pepopunda. Feni usiwashe kwa sasa, na mashine ya kuoshea magari isiingie ndani ya nyumba: zote mbili zinageuza uchafu kuwa ukungu, unatua kwenye vyumba ambavyo havikuguswa. Chagua mlango mmoja wa kuingilia na kutokea, hapo mlangoni pawe na beseni la kuoshea gambuti.

Kazi inaanza na beleshi, wala siyo jiki. Kusanya kinyesi na tope, tia kwenye ndoo zenye mifuniko, rudisha septiki ikishanyonywa. Maji yaliyobaki yasukume kwa fagio la mpira kutoka vyumba safi kwenda vichafu, usiende kinyume. Zulia na sponji lake likatwe vipande vya mita moja, likunjwe uchafu ukiwa ndani, lifungwe kwenye nailoni. MDF ikishalowa inavimba na haisafishiki, kwa hiyo makabati ya chini yote yatoke, na vyakula vilivyokuwemo pia. Sofa za sponji zilizoguswa, vivyo hivyo. Mbao ngumu, chuma, plastiki na vyombo vya kioo vinaoshwa, vinabaki.

Ndipo unaosha. Maji ya sabuni, brashi ngumu, sakafu yote na ukuta mpaka sentimita 50, suuza, rudia. Hatua hii ndiyo kazi yenyewe. Klorini inaliwa na uchafu kabla haijafika kwenye vijidudu, na mayai ya minyoo hayauawi na jiki kabisa. Hayo yanatoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa tu. Anayemwaga jiki juu ya tope ametupa hela.

Sakafu ikiwa safi kwa macho, weka klorini ya asilimia 0.5. Soma kopo: jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Ukitumia klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, gramu 150 kwa ndoo ya lita 20. Sakafu ibaki imelowa si chini ya dakika 10. Kwa joto letu inakauka haraka, kwa hiyo unarudia kupaka. Kisha suuza, la sivyo bawaba na miguu ya vitanda vya chuma itashika kutu. Changanya ya siku hiyo tu, na usinunue kopo lililokaa juani dukani, nguvu imeshapungua.

Jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi, wala na mkojo uliotuama. Gesi inayotoka inaunguza mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndipo watu wanapodondokea.

Marumaru zigonge moja moja kwa sarafu. Inayolia utupu ina majitaka chini yake, yameingia kupitia grauti, ile saruji ya kuzibia nafasi kati ya marumaru. Ing'oe. Kuta zako: kwangua skimingi na rangi mpaka sentimita 30 juu ya alama ya maji, plasta ya saruji iache, isuguliwe na kupakwa klorini kama sakafu.

Msimamizi_Ipagala
Asanteni sana. Chemba zote zilikuwa zimejaa, gari limenyonya leo asubuhi na maji yanarudi taratibu kutoka shimo la kufyonza, kama FundiChemba alivyosema. Gali trapu imezibwa na pevingi, mdomo uko juu ya sakafu kwa sentimita 4. Maji ya bati nimeyatenga, yanaenda barabarani kwenye mtaro.

Yamebaki mawili. Magodoro mawili yalilowa upande wa chini tu, sentimita tano hivi, wenyewe wanataka kuyaanika. Na kisima: maji yanaonekana masafi, hayana harufu. Kwa mgao wa maji ulivyo, kumwaga lita 5,000 ni uamuzi mgumu.

AfyaMazingira_Kati
Magodoro yatupwe. Najua bei yake na najua jua la Dodoma, lakini jua linakausha juu. Katikati ya sponji hakuna joto wala mwanga wa kuua chochote, na mtoto atalalia hapo. Yachaneni kabla ya kuyatoa, asije mtu akayaokota. Nguo na mashuka vinaokoka: osheni kwa sabuni, suuzeni, kisha loweka nusu saa kwenye klorini ya asilimia 0.05, yaani mililita 300 za jiki ya asilimia 3.5 kwenye ndoo ya lita 20, halafu zianikwe juani. Za rangi zitafifia kidogo.

Kisima mwaga. Macho na pua haviwezi kuona kipindupindu wala homa ya matumbo. Kabla ya kumwaga, funga maji yanayoingia, weka alama ya kimo ukutani, subiri usiku mmoja. Kimo kikipanda, kuna ufa na maji ya ardhini yanaingia. Usitie dawa kabla ufa haujazibwa, utarudia kila wiki. Kikishuka pia kuna ufa. Ukishamwaga, sugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa juu. Ikilazimu mtu aingie, mfuniko uwe umekaa wazi muda mrefu, mtu wa pili awe juu na kamba, na klorini isiwemo wakati huo.

Jaza tena, tia lita 7 za jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Hiyo ni miligramu 50 kwa lita. Fungua kila bomba la ndani mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha saa 12. Maji hayo yakimwagwa yasiende septiki, yataua bakteria wanaofanya kazi humo, na yasiende kwenye miche. Jaza upya. Ya kunywa yachemshwe mpaka kipimo cha maabara kionyeshe E. koli (bakteria wa kinyesi) sifuri kwa mililita 100.

Uani, udongo uliolowa majitaka ukwanguliwe, kisha unyunyizie chokaa ya unga paonekane peupe, watoto na kuku wasipite siku kadhaa. Chokaa inaunguza macho, miwani isivuliwe. Na yeyote aliyekuwa humo akianza kuharisha maji maji kama ya mchele, hospitali saa hiyo hiyo, huku akinywa maji ya chumvichumvi njiani.

LipuNaSkimingi
UsafiKazi, nakubali yote ila sentimita 30. Alama ni sentimita 6, lakini maji yalikaa saa 14, na tofali la saruji linavuta maji juu kama utambi wa taa. Rangi ya silki inayafungia humo, huyaoni. Kwangua 30, halafu pima. Meta ya unyevu kama unayo, kama huna bandika nailoni nene ya sentimita 45 kwa 45 pande zote kwa utepe wa gundi, acha saa 16. Ikiwa na jasho kwa ndani, panda juu zaidi.

Na msipige skimingi mapema. Ukuta wa inchi 6 unachukua wiki, siyo siku. Skimingi juu ya ukuta mbichi inatoa unga mweupe na malengelenge ndani ya mwezi, halafu analaumiwa mpaka rangi. Sakafu ya saruji ya kile chumba ipimwe kwa nailoni hiyo hiyo kabla ya zulia jipya.

UsafiKazi_Dom
Sawa fundi, kipimo kitawale, 30 iwe mwanzo. Feni ziwashwe baada ya klorini kusuuzwa, madirisha yakiwa wazi mchana.

Msimamizi, kuhusu kukabidhiwa kazi: mwambie msafishaji asipake dawa yoyote yenye manukato siku mbili za mwisho. Funga madirisha na milango usiku mzima, asubuhi ingia wewe wa kwanza. Kukiwa na harufu, kuna marumaru yenye utupu au kona ya skatingi (ukanda wa chini ya ukuta) haikufikiwa. Pitisha kitambaa cheupe kilicholowa nyuma ya milango, chini ya sinki na kuzunguka mguu wa choo, kirudi cheupe. Nailoni iwe kavu. Malipo ya mwisho yasubiri hayo matatu, na uandike hivyo kwenye makubaliano kabla hawajaanza.

FundiChemba
Na mpangaji asirudi kabla shimo la kufyonza halijashughulikiwa. Chimba la pili mbali na lile, baada ya kujaribu udongo: chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yakiisha jaza tena, upime kimo kinashuka kiasi gani kwa saa. Yasiposhuka, hamia sehemu nyingine ya kiwanja. Hiyo gali trapu mbomolee pevingi wiki hii hii, kabla ya mvua nyingine.