TNF imewasha rangi, lakini supaoksaidi inatoka wapi?

Swali
Wakuu, nakuza seli za ukuta wa ndani wa mshipa, zinazotolewa kwenye kamba ya kitovu. Nimeziwekea TNF (protini inayochochea uvimbe) nanogramu 10 kwa mililita, nikaziacha kwa saa 6, kisha nikatia DCF, rangi inayong'aa kijani ikioksidishwa. Zenye TNF zimeng'aa kijani kuliko zile za kulinganishia. Msimamizi wangu kaniuliza: supaoksaidi (oksijeni iliyobeba elektroni ya ziada) inatoka kwenye mitokondria au kwenye NADPH oksidesi, kimeng'enya kinachoitengeneza? Nikabaki kimya.

Jibu la 1
NADPH oksidesi hiyo, usihangaike. TNF ikishika kipokezi chake, p47phox, kipande cha oksidesi hiyo, inatiwa fosfeti, inahamia kwenye utando wa seli, supaoksaidi inaanza kutoka. Weka aposinini, dawa inayotumika kuizuia, uone mng'ao utakavyoshuka.

Jibu la 2
Njia hiyo ipo kweli, ila aposinini itakudanganya. Ili iwe kizuizi, inahitaji myeloperoksidesi kuibadilisha, na kimeng'enya hicho ni cha seli nyeupe za damu. Kwenye seli zako itafanya kazi ya kuzoa radikali (molekuli kali kama supaoksaidi) tu. Mng'ao utashuka hata kama chanzo ni kingine.

Na DCF yenyewe haichagui. Mwanga peke yake unaiwasha! Mimi ilinila wiki mbili: sahani za TNF nilikuwa nazipiga picha mwisho kila siku, zimeshakaa mezani kwenye mwanga. Nilipozitanguliza, "athari ya TNF" karibu yote ikayeyuka. Niliona aibu, acha tu.

Halafu msimamizi wako kasahau mtuhumiwa wa tatu, eNOS, kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi, gesi ya kulegeza mshipa. Supaoksaidi ikikutana na nitriki oksaidi inazaliwa peroksinitraiti, kioksidishaji kikali, nayo inaiharibu BH4, msaidizi ambaye eNOS inamhitaji. Bila BH4, eNOS inazirusha elektroni kwa oksijeni: kimeng'enya cha kulegeza mshipa sasa kinatema supaoksaidi. Kwa hiyo tumia DHE, rangi nyingine inayoguswa na supaoksaidi, utenganishe mazao yake kwa HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali), na sahani moja uitie L-NAME, kizuizi cha eNOS. Supaoksaidi ikishuka, eNOS imegeuka. Ikipanda, eNOS bado nzima, kwa sababu umeondoa nitriki oksaidi iliyokuwa ikiimeza.

Jibu la 1
Ya aposinini nakubali, nimejifunza. Lakini mitokondria usiziache. TNF inazigusa nazo.

Jibu la 2
Sijaziacha. Nasema tu asianze kumtaja mwizi kabla hajajua kama kweli kuna kilichoibiwa.

Muuliza swali
Nimefungua daftari. Za TNF nilizipiga picha mwisho. Siku zote tatu.