Naomba ushauri: naweza kuacha kazi bila notisi?

Binti Mikindani
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nafanya kazi kwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Shimanzi, Mombasa, jina naliweka kando. Mkubwa ni bosi na mpwa wake, na kila mmoja ana amri yake. Ukifuata ya huyu, yule akutukana mbele ya wateja. Mshahara huja siku wapendayo. Kasha likikwama na gharama zikapanda, karani aliyelishika ndiye hukatwa. Mwenzetu alifiwa na babake, akaambiwa azike asubuhi, adhuhuri awe mezani. Nalala na simu mkononi, nikisikia mlio moyo unaruka. Nataka kuondoka wiki hii. Inawezekana bila notisi?

Mama Nassim
Pole mwanangu. Lakini usikurupuke. Mimi nilikuwa hotelini Nyali, 2020 korona ilipofunga kila kitu tukarudishwa nyumbani. Nikaanza kukaanga viazi vya karai mlangoni, na jirani niliyekuwa nikimkopesha akanipita kama hanijui. Bosi mkali ana afadhali kuliko sufuria tupu. Subira, na swala za usiku.

Kasha Tupu
Hayo matusi yalizidi baada ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Treni ya mizigo ilipoanza na makasha yakapandishwa moja kwa moja hadi Nairobi, kazi zilipungua hapa, na bosi mwenye wateja wachache hasira zote azimwaga kwa makarani. Mie nilikuwa na gereji ya matairi Miritini, malori yalikuwa yakipanga foleni. Sasa nauza maji. Dada, waonaje tuwe washirika?

Wakili wa Mtaa
Tumjibu aliyeuliza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yasema anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi, au alipe mshahara wa siku hizo badala yake, labda mkataba uwe umeweka muda mrefu zaidi. Siku za likizo ambazo hukuchukua ni haki yako, na kwa mwaka hazipungui 21. Cheti cha utumishi ni lazima upewe hata kama mmeachana kwa ugomvi. Hayo makato ya gharama za kasha yana mipaka: sheria yaruhusu kukata kwa mali uliyoiharibu au kuipoteza kwa makusudi, si kila meli ikichelewa. Angalia pia kama mchango wa pensheni wa NSSF wanaokukata unafika. Lakini dada, siku 28 si nyingi. Mbona waharakisha hivyo?

Binti Mikindani
Ni uchovu tu.

Wakili wa Mtaa
Mchovu huomba likizo. Kuna jambo.

Mama Nassim
Ni bosi anakutaka? Sema tu, hapa hatukujui.

Binti Mikindani
La hasha, si hilo. Nilipokwenda likizo ya uzazi mpwa aliomba paswadi yangu ya mfumo wa forodha, mizigo ya wateja isilale. Niliporudi hakuirudisha. Sasa nikiingia kwenye mfumo huo wa Simba asubuhi nakuta entri, yaani matamko ya mizigo, zimepita kwa jina langu. Vipuri vya gari vimeandikwa vyombo vya plastiki. Na msinilaumu, ningemnyima ningekuta kiti changu kina mtu. Barua nimeshaiandika. Kampuni nyingine Kizingo wamenikubali, wanitaka mwezi ukianza. Sitaki kungoja mtu anibadilishie mawazo.

Nahodha Mstaafu
Uzi wa kutunga huu. Nimefanya forodha miaka na miaka. Simba ilishaondolewa, siku hizi ni iCMS. Karani wa kweli hakosei hapo. Mwaka jana kulikuwa na mwingine aliyelia hivihivi, mwisho akaomba mchango.

Kasha Tupu
Lo! Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Binti Mikindani
Sikuomba hata shilingi. Ofisini kwetu wazee wote huita Simba mpaka leo, na mimi nilijifunza kwao. Nikiingia iCMS nachagua utaratibu, naweka msimbo wa bidhaa, thamani, nambari ya hati ya shehena, napata nambari ya entri. Niulize lolote, Nahodha.

Nahodha Mstaafu
Nani anayelipa ushuru wa hizo entri, na ulikuwa wapi saa zilipopita?

Binti Mikindani
Wanalipa ofisini. Nyingi zimepita usiku wa manane, nikiwa nyumbani nanyonyesha.

Nahodha Mstaafu
Basi nisikilize, maana hapa hapana mzaha. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 203, yahesabu tamko la uongo kuwa kosa la jinai, na KRA, mamlaka ya ushuru, wakija wataanza na jina lililo kwenye entri. Notisi ni jambo dogo kando ya hili. Andika orodha ya zile usizozifanya, na saa zake, umpelekee wakili kabla hujapeleka barua kwa bosi.

Wakili wa Mtaa
Naunga mkono. Na barua yenyewe itaje sababu. Ukiandika "sababu za kibinafsi" halafu ukaenda Mahakama ya Ajira kudai kwamba ulisukumwa utoke, utajiwekea mlima.

Mama Nassim
Na kazi ya Kizingo je? Wakisikia?

Binti Mikindani
Hao nitawaeleza mwenyewe. Nikibadilisha paswadi usiku huu, mpwa atajua?

Nahodha Mstaafu
Atajua akijaribu kuingia. Badilisha sasa hivi.