Saa 3 asubuhi naingia pepa ya uhasibu ya CPA na sijapata hata lepe la usingizi, nifanyeje?

Mtahiniwa wa Mbagala (saa 7:40 usiku)

Wakuu habari za usiku, kama kuna aliye macho naombeni msaada. Saa 3 asubuhi naingia pepa ya kwanza ya CPA hatua ya mwisho, ile ya ripoti za makampuni, na mpaka muda huu usingizi umekata kabisa. Nilipanda kitandani saa 2 usiku makusudi, nikasema leo nilale mapema nipumzishe kichwa, kwa sababu miezi mitatu yote hii nimekuwa napiga msuli mpaka saa 7 usiku ndo nalala. Basi tangu saa 2 nageuka tu kama chapati. Mke wangu kalala, mtoto kalala, mimi nahesabu, nikilala sasa hivi ntapata saa 5, baadae nahesabu tena, nikilala sasa ntapata saa 4, na kila nikiangalia simu moyo unapiga kama nimekimbia.

Hii ni mara ya pili nakaa hii pepa. Mwezi wa tano niliikosa kidogo sana, na kazini nimechukua likizo bila malipo wiki tatu nzima kwa ajili yake. Joto nalo la mwezi huu wa 11 mnalijua. Jioni kama saa 11 hivi nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa pale kijiweni ili nimalizie pasti pepa mbili, sijui kama ndo imeniponza.

Swali langu ni moja, niendelee kujilazimisha kulala au niamke nisome tu mpaka kuche? Naogopa nikiingia pale kichwa kiwe kitupu.

Kijana wa Uyole (saa 7:52 usiku)

Pole sana mkuu. Mimi chuo nilikuwa nameza Piriton mbili, dakika 20 nyingi nimezima. Kama unazo humo ndani meza ulale, asubuhi utaamka freshi.

Nesi wa Zamu (saa 8:05 usiku)

Mdogo wangu wa Mbagala usimeze hiyo Piriton tafadhali. Nipo zamu ya usiku, nimepata dakika chache, nakuandikia haraka haraka. Piriton ni dawa ya mzio, mafua, kuwashwa na vitu kama hivyo, usingizi ni madhara yake tu yanayokuja pembeni, na inakaa mwilini muda mrefu. Ukiimeza saa hizi, saa 3 asubuhi unayoingia kwenye pepa bado inafanya kazi, utakaa pale kichwa kizito mdomo umekauka unasoma mstari mmoja mara nne. Kijana wa Uyole najua umemwambia kwa nia njema, ila kwa saa hizi hapana. Na zile dawa kali za usingizi ambazo watu wanapeana mitaani ndo usiziguse kabisa.

Sasa nikwambie kwanini hujalala. La kwanza, mwili wako umeuzoesha saa 7 usiku miezi mitatu, alafu leo unaulazimisha saa 2. Mwili una saa yake ya ndani, na yale masaa mawili matatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala ndo mwili unakuwa macho kuliko jioni yote. Kwa hiyo kuanzia saa 2 mpaka saa 7 ulikuwa unagombana na kitu ambacho huwezi kukishinda, hapo hamna ugonjwa wowote. La pili ni kahawa. Nusu ya kahawa inachukua kama saa 5 hivi kutoka mwilini, kwa wengine zaidi, kwa hiyo ile ya saa 11 jioni, mpaka saa 4 usiku nusu yake ilikuwa bado inazunguka kwenye damu. La tatu ni huko kuhesabu masaa. Kila ukiangalia simu unauambia mwili kuna hatari, na mwili ukisikia hatari haulali, ungekuwa umeumbwa kulala kwenye hatari tusingekuwepo hapa duniani.

Kwa hiyo fanya hivi. Tega alamu, na ya simu ya mkeo tega pia, ili wasiwasi wa kuchelewa uishe. Ukimaliza kusoma hapa simu igeuze kioo chini uiweke mbali na mkono. Toka kitandani, kaa sebuleni kwenye mkeka, taa kubwa usiwashe, usiguse daftari la mtihani. Nawa uso na miguu kwa maji ya kawaida. Vuta pumzi taratibu, ukiitoa itoe ndefu kuliko ulivyoivuta. Kunja nguo za mtoto kama zipo. Macho yakiwa mazito ndo urudi kitandani, na ukirudi usiseme nalala, sema najinyoosha tu mgongo, na wala usifumbe macho kwa nguvu, yaache wazi gizani mpaka yafunge yenyewe. Hata usipolala kabisa, kulala chali kimya mwili unapumzika. Na ujue kitu kimoja, watu wengi wanaotuambia asubuhi wodini kwamba hawajalala kabisa, sisi tunaopita na tochi tumewaona wamelala vipande vipande bila wao kujua.

Kusoma saa hizi hapana. Unachokijua ulikiweka kichwani miezi mitatu, usiku mmoja haukifuti. Naitwa, nitarudi.

Mwana wa Makunduchi (saa 8:31 usiku)

Mie nikikosa usingizi naamka natawadha naswali rakaa mbili taratibu, nakaa pale pale kwenye msala mpaka roho itulie. Nilifanya hivyo usiku wa kuamkia mtihani wa uwakili, sikulala zaidi ya saa mbili lakini niliingia moyo umetulia. Kila mtu kwa imani yake. Allah akufanyie wepesi.

Babu Leja (saa 11:15 alfajiri)

Nimeamka nimekuta huu uzi, natumaini mwanangu saa hizi umelala na utausoma ukiwa kwenye daladala.

Mimi nilikaa final zangu nikitokea mkoani, nikafikia gesti moja kumbe ukuta wake umepakana na baa. Muziki mpaka saa 10 alfajiri. Nililala na pamba masikioni na bado kitanda kilikuwa kinatetemeka. Nikaenda kwenye chumba cha mtihani sijalala hata dakika, nina hasira, macho mekundu. Ile pepa nilifaulu. Pepa niliyofeli msimu ule ni ile ya siku ya tatu, ambayo usiku wake nilikuwa nimehama gesti nikalala usingizi wa pono, na nilifeli kwa sababu maswali yake sikuwa nimeyafanyia mazoezi ya kutosha. Kwa hiyo hilo la kichwa kuwa kitupu liondoe.

Ila nikuonye kwa kitu ambacho kinatokea kweli, maana nimesimamia vijana wengi ofisini kipindi cha kufunga hesabu tukiwa tumekesha. Mtu asiyelala hasahau kanuni. Anakosea vitu vidogo. Anaruka mstari. Anaona mabano, yaani namba hasi, anaandika chanya. Jedwali limeandikwa kwa maelfu yeye anachukua kama milioni. Na zaidi ya vyote anakosea tarehe. Sasa wewe leo ukipewa karatasi, usianze kuandika, soma kwanza kila swali linataka nini, alafu chukua kalamu pigia mstari kila tarehe na kila kipimo cha fedha kabla hujagusa kalkuleta. Anza na swali unalolijua sana, hata kama ni la mwisho, mkono upate joto. Andika hatua zako zote pembeni, ukikosea jibu hatua zinakuokoa maksi. Na kila ukimaliza swali, tua kalamu, angalia mbali, hesabu pumzi tano, endelea. Pepa ni ya masaa matatu, hizo sekunde hazikupunguzii kitu.

Kama una gari au pikipiki leo iache nyumbani. Kukosa usingizi barabarani ndo kunaua.

Mkenya wa Kasarani (saa 12:20 asubuhi)

Pole sana ndugu yangu, mimi nilifanya CPA huku Kenya nikiwa na mtoto wa miezi miwili kwa nyumba, kwa hivyo usingizi ilikuwa ni hadithi tu. Chenye kilinisaidia ni asubuhi kutoka nje mapema nisimame kwa jua kama dakika 15 hivi, hiyo mwangaza inaamsha mwili kuliko kitu ingine. Kunywa uji ama chai na mayai, usiende tumbo tupu na pia usijaze. Kahawa kunywa kama umeizoea, kikombe kimoja, saa moja kabla ya kuingia, usiongeze juu ati hujalala, mikono itaanza kutetemeka. Na ukitoka usisimame pale nje kuskiza watu wakijadili majibu, enda nyumbani ulale dakika 20 ama nusu saa, si zaidi, na iwe kabla ya saa 9 mchana ndio usiku usiharibike tena.

Mtahiniwa wa Mbagala (saa 1:10 usiku)

Wakuu nimerudi. Mzee wangu Babu Leja shikamoo. Dada Nesi Mungu akubariki sana.

Nilitoka kitandani nikakaa kwenye mkeka nakunja nguo za mtoto gizani, nilikunja kama sita hivi, ya saba nimeikuta asubuhi iko kwenye mapaja yangu, nimelala pale pale nimeegemea kochi. Sijui ilikuwa saa ngapi. Alamu ya simu ya wife ndo imeniamsha saa 11 na nusu. Post ya mzee nimeisoma nikiwa kwenye gari, nimesoma mara tatu.

Swali la kwanza kampuni mama imenunua kampuni tanzu tarehe 1 Juni, mwaka wa hesabu unaisha 31 Desemba. Nimeshaanza kuingiza faida ya mwaka mzima, miezi 12 yote, kalkuleta iko mkononi, ndo nikakumbuka kalamu na tarehe. Nikapigia mstari ile 1 Juni. Nikahesabu kwa vidole tangu siku iliponunuliwa, maana faida ya kabla ya hapo haiingii, miezi 7. Yaani mikono ilikuwa baridi, ningebeba lile kosa mpaka mwisho wa jedwali. Swali la tatu sijalimaliza vizuri, siwezi kudanganya, macho yalikuwa mazito nusu saa ya mwisho. Lakini hakuna nilipokaa nikasema sikijui hiki.

Mchana nimelala dakika 25 kama alivyosema ndugu wa Kasarani. Jioni sijaenda kijiweni, jamaa wameniita nimewapungia mkono tu.

Kesho pepa nyingine, ya ukaguzi. Umeme umekatika hapa, feni haizunguki, ila safari hii sipandi kitandani saa 2. Ntakaa nje na mzee wa nyumba ya jirani mpaka kama saa 6 hivi ndo niingie ndani.

Babu Leja (saa 1:34 usiku)

Marahaba mwanangu. Hiyo ya miezi 7 imenifurahisha sana. Ukaguzi soma maneno ya swali mara mbili, ukiambiwa eleza, eleza, ukiambiwa taja, taja.

Nesi wa Zamu (saa 1:50 usiku)

Naingia zamu sasa hivi. Ukifungua madirisha kwa ajili ya joto, chandarua umeshusha?

Mtahiniwa wa Mbagala (saa 1:53 usiku)

Nakishusha sasa hivi dada.